Chupa ya theluthi ya painti: tathmini ya maziwa ya bure katika shule za vijijini Uskoti

Kinachotathminiwa: maziwa ya ng'ombe, mililita 189 (theluthi ya painti, kipimo cha Kiingereza), ndani ya chupa ndogo ya kioo, pamoja na mrija mmoja wa karatasi. Mahali: shule za msingi za vijijini, Uskoti. Kipindi: Agosti 1946 hadi 1971. Bei kwa mzazi: bure.

Mskoti aliyesoma shule ya kijijini miaka ya 1940 au 1950, ukimuuliza habari za shule, hachukui muda kufika kwenye maziwa. Na mara nyingi hufika huko akikunja uso. Ajabu ni kwamba maziwa yenyewe hayakuwa na kasoro kubwa. Huduma ilifikiriwa vizuri, ikalipiwa na serikali, ikasafirishwa hadi vijiji ambavyo basi lilifika mara chache, halafu ikaharibika katika hatua chache za mwisho, kati ya lango la shule na mdomo wa mtoto. Hizo ndizo hatua zinazostahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndizo zilizoamua kama mtoto angemaliza chupa au angeimwaga nyuma ya choo.

Shule ya kijiji ya wakati ule ilikuwa jengo la mawe lenye chumba kimoja au viwili, madirisha yamewekwa juu ili watoto wasichungulie nje, na mwalimu mmoja au wawili kwa watoto wote wa miaka 5 hadi 12. Joto lilitoka kwenye jiko moja la makaa ya mawe, na lilimfaidi zaidi aliyekaa mbele. Vyoo vilikuwa uani. Sheria ilimhesabu mtoto wa chini ya miaka 8 kuwa anaweza kutembea maili 2 kwenda shule, na aliyefikisha umri huo maili 3, yaani karibu kilomita 5, kabla halmashauri haijalazimika kumtafutia usafiri. Mtoto wa namna hiyo alikula uji wa oti kabla hakujapambazuka, akatembea kwenye upepo na mvua, akafika shuleni nguvu zimeshaanza kuisha. Maziwa ya saa nne na nusu yalimkuta mahali panapostahili. Kwa upande wa muda, hakuna cha kulaumu.

Ukumbuke pia kwamba vita viliisha 1945 lakini mgao wa chakula haukuisha. Peremende hazikuachiwa huru mpaka Februari 1953, nyama mpaka Julai 1954. Maziwa ya nyumbani nayo yalikuwa ya mgao hadi 1950, na mtu mzima alipata painti mbili au tatu tu kwa wiki, kutegemea msimu. Chupa tano za shule zilimpa mtoto painti moja na theluthi mbili kila wiki, mbali na fungu la familia. Hicho hakikuwa kitafunwa cha kujazia.

Ndani ya chupa hiyo mlikuwa na takriban kalori 120, gramu 6 za protini na miligramu 220 za kalisiamu. Maziwa hayakuondolewa malai, wala hayakusagwa kwa mitambo ili mafuta yasijitenge kama yanavyofanywa mengi ya dukani siku hizi. Kwa hiyo malai yalipanda juu na kukaa shingoni mwa chupa kama tabaka la rangi ya manjano hafifu. Kusini-magharibi mwa Uskoti ng'ombe wengi walikuwa Ayrshire, jamii ileile ambayo wafugaji wa nyanda za juu za Kenya wanaijua vizuri. Chembe za mafuta ya maziwa yao ni ndogo, na malai hupanda taratibu kuliko yale ya ng'ombe wa Jersey. Mtoto aliyeitikisa chupa kabla ya kufungua alikunywa kitu kimoja tangu juu hadi chini. Aliyefungua bila kutikisa alianza na malai mazito yaliyoziba mrija, akamalizia na maji meupe. Nusu ya malalamiko kwamba maziwa yalikuwa mazito mno au mepesi mno yanatoka hapa, na dawa yake ni kugeuza chupa juu chini mara tano au sita kifuniko kikiwa bado kimebana.

Ubora huo ulikuwa na utafiti nyuma yake, na sehemu ya utafiti huo inatuhusu huku kwetu. John Boyd Orr, mzaliwa wa kijiji cha Kilmaurs huko Ayrshire na mkurugenzi wa Taasisi ya Rowett ya utafiti wa lishe karibu na Aberdeen, aliongoza majaribio ya 1926 na 1927 kwa watoto wapatao 1,500 katika miji ya Uskoti. Waliopewa maziwa ya ziada walikua kwa kasi iliyozidi wenzao kwa karibu asilimia 20. Miaka hiyohiyo alikuwa akishirikiana na daktari wa serikali ya kikoloni ya Kenya, John Gilks, kulinganisha Wamaasai na Wakikuyu. Ripoti yao ya 1931 ilisema mwanamume wa Kimaasai alimzidi wa Kikikuyu kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito, na maelezo yakaelekezwa kwenye maziwa, nyama na damu upande mmoja, nafaka na viazi upande wa pili. Hapo lazima mtu atie shaka: jamii mbili zenye asili tofauti haziwezi kulinganishwa kama watoto wa darasa moja. Boyd Orr hata hivyo alikwenda mbali, akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 1945 na akapewa Nobeli ya Amani mwaka 1949.

Jaribio kubwa zaidi lilifanyika Lanarkshire, eneo la Uskoti, kuanzia Februari hadi Juni 1930: watoto 20,000, shule 67, robo tatu ya painti kila siku kwa watoto 10,000, na wengine 10,000 bila kitu. Nusu ya wanywaji walipewa maziwa mabichi, nusu yaliyopashwa joto la kuua vijidudu. Lilikuwa jaribio la gharama kubwa, na lilivurugwa na huruma. Walimu waliruhusiwa kubadilisha majina pale ambapo kundi lilionekana halina uwiano, na wengi wakawasogeza watoto maskini upande wa maziwa. Matokeo yake kundi lisilopewa kitu lilianza likiwa zito na refu zaidi, tofauti ya miezi mitatu hivi ya kukua kwa uzito na minne kwa urefu. Tena watoto walipimwa na nguo zao, Februari wakiwa na sweta, Juni bila. Mtoto wa mwenye uwezo "alipungua" kwa kuvua tu. Aliyefichua hayo ni W. S. Gosset, mtakwimu wa kiwanda cha bia cha Guinness, aliyeandika kwa jina la Student. Alipendekeza jozi 50 tu za mapacha wa kufanana zingetosha, mmoja anywe, mwenzake asinywe. Mtu wa bia ndiye aliyekagua hesabu za maziwa, na alikuwa sahihi.

Tuje kwenye kreti.

Lori au gari la mkulima lilishusha kreti za chuma asubuhi na mapema, mara nyingi kabla mwalimu hajafika, na kuziacha langoni au kwenye ngazi ya mlango. Kosa la kwanza ni hilo, na ndilo kubwa kuliko yote. Maziwa huganda kwenye nusu nyuzi hivi chini ya sifuri, na asubuhi za baridi kali za Uskoti hushuka chini ya hapo bila shida. Katika majira ya baridi ya 1947, yaliyobana kuanzia Januari hadi Machi, na tena yale ya 1962 hadi 1963, chupa za nje hazikuwa na nafasi ya kupona. Maji yakigeuka barafu hutanuka kwa karibu asilimia 9, na kwenye chupa iliyojaa hayana pa kwenda isipokuwa juu. Kifuniko huinuka, na nguzo nyeupe ya barafu huchomoza juu ya shingo ya chupa ikiwa imevaa kifuniko hicho kama kofia.

Kosa la pili lilikuwa tiba ya kosa la kwanza. Kreti ilibebwa ndani na kusogezwa karibu na jiko, ikae hapo saa moja na nusu au zaidi. Chupa za upande wa jiko zilifika joto la mwili, za upande wa pili zikabaki na kibonge cha barafu katikati. Kioo kilichopata joto upande mmoja tu kilipasuka, kwa kawaida kwenye kitako, na maziwa yakaenea sakafuni. Zaidi ya hayo, barafu ikishavunja utando unaozishika chembe za mafuta, maziwa yakiyeyuka hayarudi kama zamani. Mafuta huelea kama vipande vidogo vya siagi, na chini hubaki kimiminika chenye ladha ya maji. Hayo maziwa vuguvugu yenye chembechembe ndiyo yanayokumbukwa kwa kukunja uso, na kuyaita mabaya ni kuwaonea ng'ombe.

Namna iliyotakiwa ni rahisi na haikuhitaji pesa. Kreti ziingizwe ndani mara zinapofika, ziwekwe kwenye chumba cha kutundikia makoti, ambacho hakina jiko lakini kina kuta na paa. Kama dereva anafika kabla ya watu, ajengewe sanduku la mbao langoni, lenye kifuniko na majani makavu pembeni. Chupa zilizokwisha kuganda zisimamishwe kwenye beseni la maji baridi ya bomba, usawa wa maji ufikie mabega ya chupa, zisubiri. Maji ya nyuzi 8 au 10 huyeyusha barafu kwa utaratibu kuliko jiko na hayapasui kioo. Zikishalainika, zipinduliwe polepole, zisitikiswe kwa nguvu, maana kutikisa kwa nguvu huyageuza mafuta yaliyojitenga kuwa mabonge. Shule zenye mwalimu mmoja, anayewasha jiko, anayefundisha madarasa saba na kuhesabu chupa peke yake, hazikuwa na mtu wa kushughulika na beseni. Hapo nawaelewa. Shule yenye mfagizi anayefika alfajiri haina udhuru.

Kiangazi kilikuja na matatizo yake, ingawa watu huyasahau. Chupa ya kioo cheupe ikiachwa juani saa mbili hupoteza sehemu kubwa ya vitamini B2, na mwanga huleta ladha ya ajabu inayofanana na kadibodi iliyoungua, hata kama maziwa bado ni baridi. Ikishapata joto pia, huchacha. Suluhisho ni lile la chumba cha makoti, au gunia lililoloweshwa maji juu ya kreti: hukinga mwanga, na maji yakikauka hupoza.

Vifuniko vilikuwa vya aina mbili. Vya mwanzo ni visahani vya kadibodi yenye nta, vimekaa ndani ya mdomo mpana wa chupa, na katikati kuna kitobo kilichokatwa nusu cha kuingizia mrija. Ukikisukuma kitobo kwa kidole gumba kwa nguvu, kifuniko chote huzama na maziwa hurukia sweta. Kisukumwe kwa ncha ya kidole cha shahada, kuanzia ukingoni mwa alama, huku mkono wa pili ukiwa umeshika shingo ya chupa. Baadaye ikaja foili ya alumini, safi zaidi na rahisi kutoboa, lakini laini mno kwa ndege. Ndege wadogo wenye kichwa cha buluu walijifunza kuitoboa na kunywa malai. Chupa iliyotobolewa na ndege ilipaswa kutupwa, si kufutwa kwa leso na kupewa mtoto wa mwisho kwenye mstari.

Kadibodi ilikuwa na faida moja ambayo foili haikuwa nayo. Chukua vifuniko viwili, vioshe kwa maji ya sabuni na kuvikausha (usipovisafisha vitanuka ndani ya siku mbili), ondoa vitobo vya katikati, vibandanishe. Pitisha uzi wa sufu kwenye tundu na kuuzungusha ukingoni, tena na tena, mpaka tundu lizibe. Ingiza ncha ya mkasi kati ya vifuniko viwili, kata uzi pande zote, funga uzi imara katikati yao, kisha chana kadibodi. Unabaki na kifundo cha manyoya cha kushonea juu ya kofia ya baridi. Watoto wengi wa kijijini walitengeneza vifundo hivyo, na yawezekana hiyo ndiyo sehemu ya huduma iliyopendwa bila ubishi.

Mrija wa karatasi napenda kuupita haraka: ulifaa kwa dakika chache, kisha ulilegea na kujifunga ukivutwa. Mtoto anayekunywa polepole apewe wa pili au aachwe anywe kwa mdomo wa chupa.

Ugawaji ulikuwa kazi ya viranja wa maziwa, kwa kawaida wawili kutoka darasa la juu. Mfumo huu ulifanya kazi vizuri. Kiranja mmoja alipita na kreti, wa pili na mirija. Chupa tupu zilirudi kwenye kreti ileile, zikihesabiwa, kwa sababu kiwanda kilizihitaji kuziosha na kuzijaza tena. Jambo lililosahaulika mara nyingi ni kuzisuuza kwa maji baridi kabla hazijarudi kwenye kreti. Chupa isiyosuuzwa Ijumaa, ikakaa hadi Jumatatu, huota ukungu ambao hata mashine ya kiwandani huhangaika nao.

Kuna kasoro moja isiyohusu mlango wala jiko, na ndiyo ya hatari. Vijijini maziwa yaliweza kutoka shamba la jirani bila kupashwa joto, na maziwa mabichi yalibeba kifua kikuu cha ng'ombe, kilichowapata hasa watoto kwenye tezi za shingo na mifupa. Kinga ilikuwa ama kupasha maziwa nyuzi 63 kwa dakika 30 au nyuzi 72 kwa sekunde 15, ama kununua tu kwa mkulima ambaye ng'ombe wake wamepimwa. Kazi ya kupima mifugo ya nchi nzima ilikamilika 1960. Kabla ya hapo, ubora wa huduma ulitegemea mno ni shamba gani lililo karibu na shule, na hilo kwa huduma ya taifa ni doa.

Kuhusu kulazimisha, msimamo wangu ni mkali kidogo. Waskoti wengi, kama wafugaji wa Afrika Mashariki, hubaki na uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa hata ukubwani, lakini si wote. Mtoto mmoja mmoja tumbo lilijaa gesi kila siku saa tano, na akaambiwa ana ukaidi. Mwalimu aliyesimama juu ya mtoto mpaka chupa iishe hakuongeza lishe. Aliharibu jina la maziwa kwa maisha yote ya mtoto huyo. Huduma nzuri hutoa na huruhusu kukataa, na chupa iliyobaki humfikia anayetaka ya pili. Katika shule ya watoto 20 hakosekani.

Wasomaji wa Kenya watakuwa wameshalinganisha na maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya shuleni aliyoyaanzisha Rais Daniel arap Moi mwaka 1979. Kwa ujazo hayakutofautiana sana. Pakiti ya pembetatu ilishinda katika usafirishaji, kwani haivunjiki na hairudishwi kiwandani. Chupa ya Uskoti ilishinda katika usafi wa mazingira na katika kunywa, kwa kuwa inasimama mezani yenyewe. Pakiti ikishakatwa pembe haiwekwi chini. Na Nyayo haikupambana na barafu, bali na barabara za mvua, jambo ambalo Uskoti pia ililijua kwenye visiwa na mabonde ya kaskazini.

Huduma ilipunguzwa kwa awamu. Shule za sekondari ziliondolewa mwaka 1968, chini ya serikali ya chama cha Labour, na mwaka 1971 sheria mpya ikawaondoa watoto waliopita miaka 7, isipokuwa wenye cheti cha daktari wa shule. Margaret Thatcher, waziri wa elimu wa wakati huo, alibaki na jina la mnyang'anyi wa maziwa. Waliokata ya sekondari miaka mitatu kabla hawakupewa jina lolote.

Kwa bidhaa yenyewe natoa tisa kwa kumi, nikipunguza moja kwa ajili ya maziwa mabichi ya mashamba yasiyopimwa. Kwa usafirishaji hadi langoni, nane. Kwa kilichofuata baada ya lango, tatu, na mbili kati ya hizo ni za viranja.

Anayetaka kununua chupa yenyewe kama kumbukumbu aikague kwa kidole. Chupa ya kadibodi ina mdomo mpana wenye ukingo mdogo kwa ndani, ambapo kisahani kilikalia. Ya foili ina mdomo mwembamba zaidi wenye mviringo uliojitokeza kwa nje. Jina la kampuni ya maziwa likiwa limechomoza kwenye kioo chenyewe ni dalili nzuri kuliko lebo ya karatasi, ambayo yeyote aweza kuibandika. Ijaze maji hadi chini kidogo ya kifuniko na uyamimine kwenye kikombe cha kupimia: yakipungua sana au kuzidi sana mililita 190, hiyo ni chupa ya malai au ya kitu kingine. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa mdomo na kitakoni, maana nyufa za jiko huanzia huko, na usiitumie kwa kinywaji cha moto.